Harambee, matembezi ya hisani, kambi ya upimaji au uchangiaji damu: kamati ya mtaa ichague lipi?

Kila mwaka, Oktoba inapokaribia na vitambaa vyake vya rangi ya waridi vya kampeni ya saratani ya matiti, na baada yake Novemba yenye Siku ya Kisukari Duniani tarehe 14, kamati za mitaa, za parokia, za misikiti na za watu waliosoma shule moja huanza kukutana, na swali linaloletwa mezani huwa ni lilelile: mwaka huu tufanye nini? Mara nyingi mtu mmoja husema matembezi, kwa sababu mtaa wa jirani walitembea mwaka jana na picha zao zilipendeza. Mwingine husema tuwaite madaktari waje kupima watu. Kisha mzee aliyekuwa kimya huuliza ni nani atakayemlipia matibabu yule mtoto wa jirani ambaye bado amelazwa. Nimekaa katika kamati za namna hii jijini Dar es Salaam kwa miaka kadhaa, mara nyingi nikiwa mweka hazina, na ninaandika ulinganisho huu kwa sababu nimejiridhisha kwamba mapendekezo hayo hayana lengo moja. Kila shughuli ina shida inayoiweza na shida isiyoiweza, na kamati inayochagua shughuli kabla ya kuitaja shida hujikuta imechoka, imetumia fedha za watu, na mgonjwa yuko palepale alipokuwa.

Kwa hiyo kikao cha kwanza kisizungumzie tarehe wala mgeni rasmi. Kizungumzie upungufu uliopo. Je, kinachokosekana ni fedha ya mtu mmoja anayejulikana kwa jina, mwenye ankara ya hospitali mkononi? Je, ni fedha ya kuisaidia taasisi inayotibu watu wengi mwaka mzima? Je, ni watu wanaoishi na presha au sukari bila kujua? Au ni kitu ambacho fedha hainunui kabisa, yaani damu? Majibu haya manne yanaelekeza kwenye shughuli nne tofauti, na nitazipitia nikizingatia zaidi zile ambazo kamati ndogo huzikosea.

Harambee

Neno hili lilikuwa mwito wa wachukuzi wa pwani walipovuta mzigo kwa pamoja, kabla Jomo Kenyatta hajalifanya kuwa wito wa taifa la Kenya mwaka 1963. Maana yake ya asili ndiyo inayoeleza inafaa wapi: mzigo ni mmoja, unaonekana, na watu wanauvuta kwa wakati mmoja. Mtoto anayehitaji upasuaji wa moyo, mama anayehitaji kusafirishwa hadi hospitali ya rufaa, kijana aliyevunjika mguu akiwa kwenye bodaboda na hana bima. Hao ndio mzigo wa harambee. Gharama ya kuiandaa ni ndogo kuliko ya shughuli nyingine yoyote, na tangu M-Pesa ianze nchini Kenya mwaka 2007, na huduma kama hiyo kuenea kote Afrika Mashariki, haihitaji hata ukumbi. Kikundi cha WhatsApp, namba moja ya kupokelea fedha na orodha ya michango inayorushwa kila jioni vinatosha, na karibu kila shilingi iliyotolewa humfikia mgonjwa.

Upungufu wake wa kwanza ni kwamba haielimishi. Watu huchanga kwa sababu wanamjua mgonjwa au ndugu zake, na baada ya mwezi mmoja wachache watakumbuka aliumwa nini. Upungufu wa pili ni mzito zaidi, nao hausemwi vya kutosha: harambee humpendelea mwenye jamaa wengi wenye uwezo. Watoto wawili wenye ugonjwa uleule, mmoja baba yake ni mwalimu wa sekondari na mwingine mama yake anauza mihogo ya kukaanga, hawapati mchango sawa, na tofauti hiyo haina uhusiano wowote na uzito wa ugonjwa. Kamati ya mtaa ina wajibu wa kuliona jambo hili na kumsimamia yule asiye na mtu wa kumsemea.

Jambo jingine ni heshima ya mtoaji. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, lakini mshereheshaji anayesoma majina na viwango kwa kipaza sauti humfanya mwenye shilingi elfu mbili akae nyuma na ikibidi asije kabisa. Nashauri orodha iwekwe wazi kwa ajili ya ukaguzi, na kutajwa jukwaani kuachwe.

Fedha yenyewe ilipwe hospitalini moja kwa moja dhidi ya ankara, isipitie mfuko wa mtu. Akaunti iwe na watia saini wawili wasiotoka nyumba moja. Kabla ya kupokea shilingi ya kwanza, kamati iandike itafanya nini na fedha itakayozidi, na itafanya nini ikiwa mgonjwa atafariki kabla ya matibabu. Jambo hili la mwisho ni gumu kulitamka mbele ya familia, lakini nimeshuhudia ndugu wakikosana kaburini kwa sababu hakuna aliyelitamka. Ahadi zisihesabiwe kama fedha. Daktari hawezi kuanza upasuaji kwa ahadi.

Matembezi na mbio za hisani

Shughuli hii ndiyo inayopendwa zaidi, na ndiyo ninayoishauri kwa uangalifu mkubwa zaidi. Mifano mikubwa ipo na inastahili heshima. Nairobi kuna Mater Heart Run, iliyoanza mwaka 1993 kwa ajili ya watoto wenye matatizo ya moyo. Mlima Kilimanjaro umekuwa ukipandwa tangu mwaka 2002 katika kampeni ya Kili Challenge ya kuchangia mapambano dhidi ya Ukimwi. Mwaka 2014 Margaret Kenyatta, aliyekuwa mke wa Rais wa Kenya wakati huo, alianzisha kampeni ya Beyond Zero kwa ajili ya afya ya mama na mtoto, akakimbia mwenyewe mbio ndefu za London mwezi Aprili mwaka huohuo, na michango ikanunua kliniki zinazotembea zilizopelekwa kaunti mbalimbali. Hapa Tanzania, mbio za benki na za vyama vya hisani zimewalipia watoto upasuaji katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na akina mama wenye fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo au kinyesi baada ya uzazi mgumu, katika hospitali ya CCBRT.

Kamati ndogo huyatazama haya na kuiga kinachoonekana, yaani fulana, medali, jukwaa na muziki. Kinachoziwezesha mbio hizo hakionekani: wafadhili hulipa gharama zote kabla ya siku yenyewe, ili ada ya washiriki iende safi kwa mlengwa, mlengwa ni taasisi inayojulikana na yenye vitabu vya hesabu, na lengo halibadiliki kila mwaka, hivyo watu hulizoea. Pasipo hayo matatu, hesabu huwa mbaya. Tuchukue mfano wa bei za kukadiria tu. Watu 300 wanalipa shilingi 20,000 kila mmoja, nazo ni shilingi 6,000,000. Fulana moja kwa shilingi 10,000 inameza 3,000,000. Maturubai, viti, spika, maji, gari la wagonjwa, mshereheshaji na vibali, tuseme 1,800,000. Inabaki 1,200,000. Watu walewale 300 wangetoa shilingi 10,000 tu kila mmoja kwa njia ya simu, bila kuvaa wala kupokea chochote, mgonjwa angepata 3,000,000, na kila mtu angebaki na nusu ya fedha yake mfukoni.

Pamoja na hayo, yako magonjwa ambayo nisingesita kuyafanyia matembezi barabarani. Mwanamke mwenye fistula hujificha kwa sababu ya harufu, na mara nyingi haambiwi kwamba ugonjwa wake unatibika na kwamba kuna hospitali zinazoutibu bure. Mwenye uvimbe kwenye titi husubiri hadi ngozi ipasuke kwa sababu ya hofu na haya. Mzazi wa mtoto mwenye selimundu (sikoseli), ugonjwa wa damu wa kurithi, huambiwa kwamba nyumba yake imerogwa. Katika hali kama hizi adui ni ukimya, na watu mia tatu wanaopita katikati ya soko wakiutaja ugonjwa kwa jina lake, wakiongozwa na mtu aliyepona, hufanya kazi ambayo fedha peke yake haiwezi kuifanya. Lakini hapo matembezi yapimwe kwa kipimo chake halisi, yaani ni wangapi walikwenda kituo cha afya wiki zilizofuata, wala kamati isiwadanganye watu kwamba inakusanya fedha.

Atakayetembea atembee mapema. Mwanzo uwe saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umbali usizidi kilomita 5, maji yawepo njiani, na polisi na serikali ya mtaa wawe na barua mapema. Fulana zinaweza kuachwa kabisa. Kanga za rangi moja ambazo akina mama wanazo tayari huonekana vizuri zaidi.

Kambi ya upimaji

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kwa muda mrefu, kwa sababu ni shughuli yenye faida kubwa kuliko zote ikiandaliwa vizuri, na yenye madhara ya kimyakimya ikiandaliwa vibaya. Shinikizo la damu halina dalili kwa watu wengi hadi siku ya kiharusi. Kisukari huanza taratibu, kwa kiu na kukojoa mara kwa mara, mambo ambayo mtu huyachukulia kuwa ni joto la Dar es Salaam. Mtu wa namna hii haendi hospitali kwa hiari, kwa kuwa haumwi. Ukimletea kipimo chini ya mwembe wa mtaani kwake, atakaa.

Mwaka mmoja kamati yetu iliamua kuunganisha matembezi na upimaji kwa asubuhi moja, ili kuokoa gharama za turubai. Watu walifika wakitokwa jasho, wakapewa soda baridi, na dakika chache baadaye wakaketi kwa muuguzi. Orodha ya waliokutwa na presha ya juu ilikuwa ndefu kiasi kwamba wauguzi wenyewe walitazamana, na vipimo vya sukari vilikuwa vinapima ile soda. Tuliwarudisha nyumbani watu wazima waliojaa hofu, na baadhi yao, walipopimwa tena kituoni siku nyingine wakakutwa wazima, hawakuamini tena kipimo chochote cha mtaani. Kosa lilikuwa letu, nasi tulilifanya kwa nia njema kabisa.

Kipimo cha presha kina masharti yake. Mtu akae akiwa ameegemea, miguu ikanyage chini, mkono uwe usawa wa moyo, awe amepumzika angalau dakika tano, asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa katika nusu saa iliyotangulia, na asiwe amebanwa na mkojo. Kipimo kirudiwe. Akifikisha 140 kwa 90 au zaidi, bado hajaitwa mgonjwa. Anahitaji kupimwa tena siku nyingine kituoni, isipokuwa kiwango kiwe cha juu mno au awe na dalili kama maumivu ya kifua au kuishiwa pumzi, ambapo apelekwe siku hiyohiyo. Kwa sukari, mtu ambaye hajala tangu usiku akikutwa na 7.0 mmol/L au zaidi, au aliyekwisha kula akikutwa na 11.1 au zaidi, apewe rufaa kwa ajili ya kipimo cha kuthibitisha. Kutokana na masharti haya, kambi nzuri haina haraka wala kelele, na spika kubwa za muziki hazina nafasi karibu yake.

Swali litakaloamua kama kambi ifanyike au isifanyike ni hili: atakayekutwa na tatizo atakwenda wapi Jumatatu? Kumwambia mtu ana sukari kisha kumwachia karatasi ni kumwongezea mzigo. Kabla ya kutangaza tarehe, kamati iende kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, ambaye ndiye atakayewapa kibali na wataalamu, kisha iongee na mfawidhi wa zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ili ijulikane dawa zipo na ni siku gani wagonjwa wapya watapokelewa. Iwepo meza ya kuandikisha watu bima. Kwa wasomaji wa Kenya, ambako Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima tarehe 1 Oktoba 2024, meza hiyo inaweza kuwa na foleni ndefu kuliko meza ya presha, na si jambo baya. Liwepo pia sanduku la kutupia sindano zilizotumika na mtu mmoja anayewajibika nalo hadi liteketezwe.

Kamati isipime kila kitu. Uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi kwa kutumia siki ni rahisi na una faida kubwa, kwa kuwa mabadiliko yakionekana mapema yanaweza kutibiwa siku hiyohiyo kwa kugandisha au kwa joto, lakini unahitaji chumba chenye mlango unaofungwa, kitanda, mwanga mzuri na muuguzi aliyefunzwa. Turubai halifai, na mwanamke aliyedhalilishwa mara moja harudi. Kwa upande wa macho, mtoto wa jicho ni tatizo linalofaa sana kambi: linatambulika kwa tochi na ubao wa kusomea, matibabu yake ni upasuaji mfupi, na bibi aliyekuwa akishikwa mkono hurudi mtaani akitembea peke yake. Vipimo vya Virusi vya Ukimwi visifanyike pasipo ushauri nasaha na faragha ya kweli, hata kama mfadhili angependa kuviona kwenye taarifa.

Kambi haikusanyi fedha, inazitumia. Vipande vya kupimia sukari, glovu, posho za wauguzi na usafiri vinagharimu, na yeyote atakayependekeza kutoza ada mlangoni ajue kwamba atakuwa amewafungia nje wale waliokusudiwa.

Uchangiaji damu

Shughuli hii ina maelezo machache kwa sababu ina utata mdogo, nami nashangaa kwamba inachaguliwa mara chache. Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanza Tanzania mwaka 2004, huleta wataalamu, vitanda na vifaa. Kazi ya kamati ni kuleta watu na kivuli. Mchangiaji awe na umri wa kuanzia miaka 18, uzito usiopungua kilo 50 na afya njema, na mwanamume anaweza kurudi baada ya miezi mitatu, mwanamke baada ya minne. Damu yake hupimwa Virusi vya Ukimwi, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende, hivyo asiyejua hali yake anaweza kuijua kwa siri, ingawa mtu asije kuchangia kwa lengo la kupimwa tu.

Cha kuzingatia ni wakati. Sehemu kubwa ya damu hutoka kwa wanafunzi wa sekondari, kwa hiyo shule zikifungwa akiba hushuka. Damu iliyotolewa hudumu wiki chache tu kwenye jokofu, na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, hudumu siku tano. Uchangiaji mkubwa mmoja tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, ambapo kila taasisi inachangia, una faida ndogo kuliko michango midogo ya Desemba na ya mwezi wa Ramadhani. Misikiti inaweza kuweka vitanda baada ya tarawehe, mfungaji akiwa amekwisha kufuturu na kunywa maji ya kutosha.

Kuchagua, na kuunganisha

Kamati yenye mgonjwa mmoja na tarehe ya upasuaji ifanye harambee ya simu wiki hii, isisubiri Oktoba. Kamati inayotaka kusaidia taasisi, na ambayo imeshapata mfadhili mwenye barua iliyosainiwa ya kulipia gharama zote, inaweza kuandaa mbio. Isiyo na barua hiyo iache, ikusanye fedha kwa simu na kuzipeleka kwenye taasisi hiyo pamoja na orodha ya wachangiaji. Kamati iliyo katika mtaa wenye wazee wengi, wenye vifo vya ghafla ambavyo watu wanaviita vya uchawi, ifanye kambi. Kamati isiyo na fedha kabisa ifanye uchangiaji damu, kwa sababu hapo umaskini hauizuii kuokoa mtu.

Kuhusu kuunganisha, kambi na uchangiaji damu vinakaa pamoja vizuri, kwa kuwa vyote vinahitaji utulivu, kivuli na wauguzi. Matembezi hayakai na chochote kati ya hivyo. Mtu aliyetembea kilomita 5 juani asipimwe presha na wala asitoe damu asubuhi hiyo. Yanaweza kutangulia kwa wiki moja, yakiwa tangazo la kambi, na hapo yana maana. Harambee nayo isifanyike siku ya kambi, kwa sababu mgonjwa anayepitishiwa kapu akiwa kwenye foleni ya upimaji huamini kwamba huduma inauzwa.

Sisi katika mtaa wetu, baada ya vikao vitatu na mabishano ya kutosha, tumechagua kambi ya siku moja ya presha, sukari na macho, Jumamosi ya kabla ya tarehe 14 Novemba, kuanzia saa moja asubuhi, na watu wametangaziwa waje bila kula ili sukari ipimwe vizuri, isipokuwa wanaotumia dawa za kisukari. Chai na mihogo vitakuwa upande wa pili wa meza ya mwisho. Hakuna fulana. Fedha ambayo ingezinunua imetengwa kwa ajili ya nauli na gharama ya kumwona daktari kwa watakaopewa rufaa na hawana uwezo, na wahudumu wawili wa afya ya jamii wamekubali kupita nyumba kwa nyumba wiki mbili baadaye wakiwa na daftari la majina, kumuuliza kila mmoja kama alikwenda, na kama hakwenda, ni kitu gani kilimzuia.